Afisa wa majini anayejenga magati: jibu kwa binti wa Lindi

Swali: "Shikamoo babu. Mimi ni msichana wa kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), nyumbani ni Lindi mjini. Nataka kuwa afisa wa jeshi la majini, ila siyo wa kuongoza meli. Nataka kujenga: magati, viwanja vya ndege, madaraja, kambi. Nimesoma kwamba Wamarekani wana maafisa wa majini ambao kazi yao ni hiyo tu. Mjomba anasema nimechanganya mambo, kwamba wanamaji ni watu wa meli, ujenzi ni wa raia, na anayejenga hapigani. Je, kazi hiyo ipo kweli? Inakwendaje tangu mtu anapoingia? Na mtu wa huku kwetu anaweza kuifikia?"

Marahaba, mjukuu wangu. Umeuliza maswali matatu kwa pumzi moja, na katikati yake umemweka mjomba. Huku kusini neno la mjomba si la kupuuza. Baba akikukatalia jambo unakimbilia kwa mjomba. Mjomba akikukatalia, sijui unakimbilia kwa nani. Kwa hiyo sitasema amekosea kabisa, maana hajakosea kabisa. Katika nchi nyingi wanamaji ni watu wa meli, na magati yao hujengwa na wakandarasi raia au na wahandisi wa jeshi la nchi kavu. Lakini kazi unayoiota ipo, ina vyeo vyake na chuo chake, na kwa Wamarekani ina umri wa zaidi ya miaka 150. Kikosi cha Wahandisi Ujenzi wa jeshi lao la majini huhesabu kuzaliwa kwake tarehe 2 Machi 1867.

Nijitambulishe kabla sijaenda mbali. Mimi si mwanajeshi. Nimefanya uhandisi wa bandari na majengo ya pwani maisha yangu yote, miaka mingine nikiwa pamoja na wahandisi wenye sare, na sasa nakula pensheni yangu Shangani, hapa Mtwara. Nitakayokueleza kuhusu Wamarekani ni ya kusoma. Ya chumvi na zege ni ya kuungua nayo.

Fikiria meli ya vita. Inataka gati la kufungia, chelezo cha kukarabatiwa, matangi ya mafuta, maghala ya risasi, nyumba za mabaharia, hospitali, umeme, maji safi na pa kupeleka maji taka. Meli yenyewe hukaa baharini miaka thelathini au arobaini kisha inauzwa chuma chakavu. Gati linabaki, na lazima awepo mtu wa kuulizwa habari zake. Huyo ndiye afisa unayemtafuta. Wengi hawamjui hata kwa jina, ingawa mmoja wao unaweza kuwa umemsoma darasani bila kuambiwa: Robert Peary, yule aliyedai kufika Ncha ya Kaskazini mwaka 1909, aliingia jeshini mwaka 1881 kama mhandisi wa kikosi hiki. Kabla ya barafu alikuwa Nicaragua akipima njia ya mfereji ambao mpaka leo haujachimbwa.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya mjomba, kwamba anayejenga hapigani.

Desemba 1941, kwenye kisiwa cha Wake katikati ya Pasifiki, kulikuwa na mafundi raia zaidi ya 1,100 wa Kimarekani wakijenga kambi ya wanamaji. Wajapani walipokivamia kisiwa, baadhi ya mafundi wale walijitolea kushika silaha pamoja na askari wachache waliokuwapo. Hapo sheria za vita ni kali: askari akikamatwa ni mateka na ana haki zake, lakini raia akikamatwa na bunduki mkononi anaweza kuhesabiwa mhalifu. Kisiwa kilianguka tarehe 23 Desemba. Wengi walisafirishwa kwenda kwenye kambi za mateka. Mafundi 98 waliobakizwa pale ili waendelee kuwajengea Wajapani waliuawa wote Oktoba 1943.

Mkuu wa ujenzi wa jeshi la majini wakati huo alikuwa Ben Moreell. Huyu hakutoka kwenye meli. Alisoma uhandisi ujenzi St. Louis, akaingia jeshini mwaka 1917, na baadaye akapelekwa Paris kuongeza elimu ya zege lenye nondo. Siku chache baada ya Wake kuanguka aliomba ruhusa ya kuunda vikosi vya mafundi waliovaa sare na kufundishwa silaha, na Januari 1942 akaipata. Jina la vikosi hivyo kwa Kiingereza ni Construction Battalions, na herufi zake za mwanzo ni C na B. Zitamke kama wanavyozitamka wenyewe na utasikia "sea bee", yaani nyuki wa baharini. Wakaitwa Seabees, na jina halijawatoka. Kaulimbiu yao ni fupi: tunajenga, tunapigana.

Lakini palikuwa na kikwazo kingine, na hapa mjomba wako angepata wa kumuunga mkono. Kwa kanuni za jeshi lile, kuamrisha askari ilikuwa haki ya maafisa wa meli peke yao. Mhandisi alikuwa kama daktari au kasisi wa jeshi: ana cheo na anapigiwa saluti, ila kikosi si chake. Moreell aliona upuuzi wake. Utampaje baharia kuongoza mafundi elfu moja wanaomwaga zege, wakati hajui zege linaanza kukaza baada ya muda gani? Alilipeleka jambo kwa waziri wa majini, na tarehe 19 Machi 1942 ikatoka ruhusa kwamba wahandisi wawe makamanda wa vikosi vya ujenzi. Kwangu mimi kazi unayoitaka ilizaliwa siku hiyo, hata kama wenyewe wanahesabu toka 1867. Kabla yake ulikuwa mtaalamu aliyeazimwa sare.

Katika vita ile walipita Seabees takriban 325,000. Wa mwanzo hawakuwa vijana. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 37, watu waliokwisha kujenga mabwawa, barabara na reli za chini ya ardhi, na wengine walikubaliwa wakiwa na miaka 50. Fikiria sasa luteni wa miaka 25, ametoka chuo juzi, anapewa kuongoza watu wenye umri wa baba yake ambao wamesahau mambo mengi ya tingatinga kuliko anayoyajua yeye. Hali hiyo ipo kila eneo la ujenzi, na wewe kama mwanamke utakutana nayo mara mbili. Mimi niliijua siku yangu ya kwanza kazini. Nilimwamkia fundi mkuu shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole kabisa, na baada ya robo saa ikanibidi nimwambie zege lake lina maji mengi, halimwagwi. Alininyamazia wiki nzima. Wiki ya pili akaanza kuniuliza kabla ya kuchanganya. Shikamoo ilibaki palepale, na zege lilikataliwa palepale. Ukishindwa kushika vyote viwili, uafisa wa ujenzi utakushinda, nyumbani au ughaibuni.

Walijenga nini? Nitataja vichache. Kwenye visiwa vya Pasifiki hapakuwa na kokoto za mwamba mgumu. Palikuwa na matumbawe, kama yetu. Waliyachimba, wakayasaga, wakayatandaza na kuyashindilia kwa rola huku wakiyamwagia maji ya bahari, yakakaza yakawa njia za kurukia ndege. Kisiwani Tinian, Seabees wapatao 15,000 walijenga viwanja vikubwa, na kimoja kilikuwa na njia nne, kila moja ikipita mita 2,500. Kutoka hapo ndizo zilizoruka ndege zilizobeba mabomu ya atomiki Agosti 1945. Nimeliweka hili makusudi. Anayejenga njia ya kurukia ndege hachagui kitakachoruka juu yake, na mtu anayeingia jeshi lolote kwa ajili ya kujenga ni vizuri akalifikiri jambo hilo mapema, kabla ya kiapo.

Kingine ninachokipenda zaidi ni sanduku la John Laycock, afisa wa kikosi hicho. Tatizo lake lilikuwa hili: utashushaje vifaru na malori mahali pasipo na gati, kwenye ufukwe ambao meli kubwa haiwezi kukaribia? Akabuni sanduku la chuma lisilopitisha maji, urefu wa mita 2 na kidogo, upana na kina kama mita moja na nusu. Inasimuliwa kwamba alianza kwa kupanga masanduku ya sigara mezani. Sanduku moja halina maana yoyote. Ukiyafunga mengi kwa pembe za chuma unapata chochote unachotaka: gati linaloelea, daraja la kufika ufukweni, kivuko chenye injini, hata jukwaa la kubeba winchi. Yalitumika Sicily mwaka 1943 na Normandy mwaka 1944. Ukipanda kivuko cha Kitunda hapo Lindi, sikiliza kile kishindo cha malori yakishuka kwenye mlango wake. Laycock alikuwa anatatua jambo hilohilo, ila huku akipigwa mabomu.

Umeuliza safari ya kazi yenyewe. Leo hii huko Marekani mtu anaingia akiwa na shahada ya uhandisi au usanifu majengo iliyothibitishwa. Hawachukui mwanajeshi wakamfanya mhandisi. Wanamchukua mhandisi wakamfanya mwanajeshi. Asiyepitia chuo chao cha uafisa cha miaka minne, wala mafunzo ya uafisa yanayotolewa ndani ya vyuo vikuu, hupelekwa Newport, Rhode Island, kwa mafunzo ya takriban miezi mitatu: kwata, sheria, uongozi, kukosa usingizi. Kisha anakwenda Port Hueneme, California, kwenye chuo cha wahandisi hawa, anakofundishwa jambo ambalo vijana wengi hawalitarajii. Hafundishwi kupanga tofali. Anafundishwa mikataba.

Maana kazi yao imegawanyika sehemu tatu, na afisa huzungushwa kote. Sehemu ya kwanza ni kusimamia wakandarasi: serikali inalipa mamilioni ya dola, na kijana wa miaka 24 ndiye anayekagua kama nondo iliyolipiwa ndiyo iliyowekwa. Ya pili ni kuendesha kambi kama mkurugenzi wa mji mdogo: umeme, maji, barabara, mabati yanayovuja, mkubwa anayelalamika kiyoyozi chake kimekufa. Ya tatu ndiyo ya picha ulizoziona, vikosi vya Seabees, kwenda ng'ambo miezi kadhaa na watu mia kadhaa na mashine zao. Wapo pia wachache wanaojifunza kupiga mbizi na kuongoza timu za ujenzi wa chini ya maji, wa kukata nguzo, kukagua magati, kulaza nyaya. Njiani atatakiwa apate leseni ya uhandisi mtaalamu, ileile wanayopata raia, na wengi husomeshwa shahada ya pili kwa gharama ya jeshi. Usichanganywe na vyeo: kapteni wa majini ni sawa na kanali wa nchi kavu, siyo na kapteni wetu wa nyota tatu. Anayefika juu kabisa huwa admirali na huongoza idara yote ya ujenzi. Moreell alifika nyota nne mwaka 1946, wa kwanza kutoka kikosi chake. Na kwa sababu najua nyumbani watakwambia la wanawake, mwaka 2012 idara hiyo ilianza kuongozwa na Katherine Gregory, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho.

Sasa nikuambie ninavyoiona mimi, mbali na bendera na kwata. Kazi hii ni kazi ya sahihi. Siku moja utapewa karatasi inayosema kwamba kitu kilichozama chini ya maji, ambacho hakuna mkubwa atakayeshuka kukitazama, kiko sawa. Utasaini au hutasaini. Maji hayasomi cheo.

Mfano wa Pearl Harbor utakuonyesha. Simaanishi shambulio la 1941. Hii ni habari ya nyuma yake. Mwaka 1909 walianza kujenga chelezo kikubwa cha kukaushia manowari. Wenyeji wa Hawaii walionya kwamba pale ni makao ya papa wa mizimu na hatapenda kuchimbwa. Tarehe 17 Februari 1913, maji yakiwa yanapigwa pampu kutolewa ndani, sakafu ilipasuka na kazi ya miaka minne ikaharibika kwa dakika chache. Lugha yetu yenyewe imeyaweka mambo hayo pamoja: majini ni majini. Lakini uhandisi una maelezo yake, na wewe wa PCM unaweza kuyafanya kwenye daftari.

Tuseme juu ya sakafu ya chelezo ni mita 10 chini ya usawa wa bahari. Ukikausha ndani, maji ya chini ya ardhi yanaisukuma sakafu kwenda juu kwa takriban tani moja kwa kila mita ya mraba, kwa kila mita ya kina. Zege lina uzito wa tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Kijana mwepesi atagawanya 10 kwa 2.4 na kusema sakafu yenye unene wa mita 4.2 inatosha. Amekwisha kuua watu. Zege likiongezeka unene, tumbo lake linashuka zaidi kwenye kina, na msukumo unaongezeka nalo. Andika u badala ya unene: 2.4u lazima ilingane na 10 + u. Jibu ni mita 7 na kidogo, na hapo bado hujaweka akiba yoyote ya usalama. Ndiyo maana watu hufunga sakafu kwa nguzo zilizozama ardhini, au huyapunguza maji ya chini kwa mifereji na pampu, au hufanya walivyofanya pale Pearl Harbor mara ya pili: kuunda sehemu kubwa za sakafu kwanza, kuzishusha mahali pake ndani ya maji, ndipo kukausha. Chelezo kilifunguliwa Agosti 1919. Miaka kumi kwa chelezo kimoja.

Usidhani hayo ni ya Wamarekani tu. Nikiwa kijana nilisimamia tangi la maji la kufukia ardhini, karibu na ufukwe, kwa mteja ambaye hana haja ya kutajwa. Tulilijenga wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, shimo likiwa karibu kavu. Nilikagua nondo, nikakagua zege, nikasaini. Wiki moja baadaye ikaja bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Huku kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita tatu, na maji ya ardhini karibu na pwani hupanda na kushuka na bahari. Tangi lilikuwa tupu likisubiri rangi ya ndani. Asubuhi tulilikuta limenyanyuka upande mmoja kama jahazi lililopandishwa mchangani, mabomba yamekatika. Mlinzi, mzee wa Mikindani, alinitazama akasema: "Mngeliuliza mwezi." Alikuwa na haki. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu viko kwenye kalenda ya kila mvuvi, ila havikuwa kwenye michoro yangu.

Je, wewe unaweza? Mlango wa Marekani nikufungulie ukweli wake: afisa wa jeshi lao lazima awe raia wao. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuingia kama askari wa kawaida, si kama afisa. Vyuo vyao vya kijeshi vinapokea wanafunzi wachache wa kigeni wanaopelekwa na serikali za nchi zao, na wakihitimu wanarudi kutumikia majeshi yao. Kwa hiyo hata mlango huo unaanzia hapa nyumbani.

Nyumbani tuna JWTZ, na ndani yake Kamandi ya Wanamaji iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa China, makao yake Kigamboni. Kwetu hakuna kikosi kinachofanana na Seabees moja kwa moja. Uhandisi wa jeshi ni wa jeshi zima, na upande wa uzalishaji mali kuna SUMAJKT inayofanya ukandarasi. Mjomba akitaka mfano, mtajie ukuta wa Mirerani: kilomita 24.5 kuzunguka migodi ya tanzanite, uliojengwa na wanajeshi kwa miezi michache na kuzinduliwa Aprili 2018. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu ukuta. Kama kazi ya kupanga watu, mawe, saruji na muda, ni uhandisi wa kijeshi mtupu.

Tena wewe na mimi hatuhitaji vita kuelewa kwa nini nchi inahitaji wahandisi wenye nidhamu ya namna hiyo. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara huko Somanga, Lindi na Mtwara zikawa kama kisiwa. Mabasi yalilala njiani, bei zikapanda, wagonjwa wakakwama. Kilichohitajika pale si ufundi wa ajabu. Ni mtu anayejua kuangalia pengo lililochimbwa na maji, kukisia mzigo utakaopita, kuamua usiku huohuo mawe yatoke wapi na nani alale wapi, na kusaini kwamba lori la kwanza likanyage.

Njia yako, kama ningekuwa mimi, ningeanza na shahada. Kidato cha sita kikiisha kuna mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria. Nenda, usiyatafutie visingizio, maana pale ndipo utajua kama amri na kwata vinakufaa au ulipenda sare tu. Kisha uhandisi ujenzi, miaka minne, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mbeya au kwingine kunakotambuliwa. Ukihitimu ujisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ufanye miaka yako ya kazi chini ya usimamizi mpaka uwe mhandisi mtaalamu. Jeshi hutangaza nafasi za wataalamu wenye shahada, na tangazo lenyewe hutaja umri na masharti, likiwamo mara nyingi la kutokuwa umeolewa, kwa hiyo mambo ya mahari yasubiri kidogo na mjomba aambiwe hivyo. Anayechaguliwa kuwa afisa hupitia Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli. Jeshi likikukosa, elimu hiyohiyo inakupeleka bandarini au TANROADS, na hutakuwa umepoteza siku hata moja. Na mtu yeyote akikupigia simu kwamba ana nafasi ya uafisa kwa laki tano, huyo ni tapeli, kata simu. Nafasi za jeshi haziuzwi.

Jambo la mwisho ni la mahali unapoishi, maana nahisi unadhani kazi hii iko mbali. Gati la kina kirefu hapa Mtwara lilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita. Walikuja watu wengi waliotoka jeshini, wakiwa na haraka ya kijeshi na matrekta mengine yaliyoundwa kutoka vifaru vya Sherman. Walijenga na reli kwenda Nachingwea. Walichokosa ni kupima udongo na mvua kabla ya kutoa amri. Karanga hazikuja, reli iling'olewa miaka ya 1960, na gati likabaki likisubiri mzigo. Leo linapakia korosho na saruji, na ubavuni mwake limeongezwa gati jipya la mita 300. Katazame yote mawili siku moja. Kisha pita Mikindani utazame nyumba za matumbawe na chokaa. Zimeliwa na miaka, ila hazijapasuliwa na kutu kwa sababu hazina nondo ndani. Nondo ikipata kutu huvimba, na zege halijui kuvimba; linapasuka. Chumvi huiharakisha kutu hiyo, ndiyo maana maji ya bahari, yaliyofaa kwa matumbawe ya Tinian, ni sumu kwenye zege lako lenye nondo, na mchanga wa ufukweni usiooshwa chumvi vilevile.

Usiningoje mpaka ufike Mtwara. Tazama kalenda, subiri bamvua ijayo, na maji yakipwa kabisa nenda kwenye gati dogo la hapo Lindi ukiwa na futi ya fundi na daftari. Omba ruhusa kwa mlinzi kwanza, kwa shikamoo. Kwenye nguzo tatu pima urefu kutoka matopeni: chaza na viumbe vingine vilivyogandia nguzo vinaishia wapi, nyufa za kutu zinaanzia wapi na kuishia wapi, na nguzo iko salama sehemu gani. Usikisie. Niandikie namba hizo, na uniambie kwa nini unadhani kutu haikuanzia mahali panapokaa majini muda wote. Mchukue na mjomba akushikie futi.